Mshale wa Kushoto

Jana usiku niliota nimekaa kliniki na daftari la aljebra, namsubiri mpwa wangu Mbaruku apimwe uzito. Mbaruku ana miezi mitano. Kitovu chake kilipodondoka nilikizika mwenyewe chini ya mnazi, nyuma ya jiko la dada.

Kazi ya chuo nilikuwa nimeifanya kwa kadi yake ya kliniki: alizaliwa na kilo tatu, kila mwezi anaongeza nusu. Nikachora mstari ulionyooka, nikauwekea mshale kila ncha. Mazoea ya sekondari hayo.

Mizani inaning'inia kwenye boriti, Mbaruku yumo mfukoni mwake. Mizani inakohoa.

"Mstari wako umeuandikia mipaka?"

"Sijauandikia."

"Basi mimi naufuata tu. Naanza na mshale wa kushoto."

Kushoto miezi inarudi nyuma. Kilo tano na nusu inakuwa tano. Inakuwa nne na nusu.

"Mjomba," anasema Mbaruku, kwa sauti ya mtu mzima, "shingo imeanza kulegea."

Napiga hesabu harakaharaka. Miezi sita kabla ya kuzaliwa, mstari unagusa sifuri. Yaani mtoto wa watu hatakuwepo kabisa, na dada nitamwambia nini?

Nageuka kutafuta nesi, kumbe niko darasani. Mwalimu Kisaka anafuta ubao kwa nepi ya Mbaruku.

"Mwalimu, mtoto anaisha."

"Nilisema kila mstari uandikiwe unapoanzia na unapoishia. Wewe ukasinzia."

"Naandika sasa hivi."

"Andika. Ila mizani ikishakwenda kushoto hairudi."

Penseli inateleza kwa jasho. Kilo tatu na nusu. Naandika: x, yaani miezi, isishuke chini ya sifuri.

Mizani inasimama kwenye tatu. "Hapo sawa," inasema, na kunipa vema.

Nikaamka nimelowa chapachapa. Kumekucha, na chumba cha pili Mbaruku analia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile. Nikajicheka, mwanamume mzima naogopa mizani.

"Mdoe," dada akaita, taratibu sana. "Hebu njoo. Nani kamfunga mtoto uzi tumboni?"

Nikaenda. Uzi ulikuwa umefungwa kwenye kitovu kibichi, kama cha siku aliyozaliwa.