Waya Mahali pa Fyuzi

Taa ya ndani ya gari la wagonjwa ilizimika kila mlango wa nyuma ulipofunguliwa, yaani wakati ule ule ambapo muuguzi aliihitaji. Muuguzi huyo alikuwa wifi yake fundi umeme; mumewe, kaka mkubwa wa fundi, ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Saa sita mchana gari lilitakiwa kumfuata mama mwenye uchungu wa uzazi, na zilikuwa zimesalia dakika arobaini.

"Badilisha balbu, litoke," kaka aliamuru, kikombe cha chai mkononi.

"Balbu ni nzima, nimeipima. Hii harufu ya mpira ulioungua inatoka wapi?"

"Gari zee hilo. Hata mimi nanuka."

Wifi alicheka. Fundi hakucheka. Alipiga magoti chini ya usukani, akafungua kasha la fyuzi. Mahali pa fyuzi ya taa ya ndani palikuwa na kipande cha waya mnene wa shaba, kimekunjwa kwa ustadi.

"Nani ameweka hiki?"

"Mimi, jana. Fyuzi tatu zilikatika mfululizo. Nikaona upuuzi, nikalitibu gari."

"Ukalitibu!" Alitoka kinyumenyume, uso umemwiva. "Si wewe uliyenifundisha kwamba fyuzi ikikatika, tafuta kilichoikata? Ulinisimanga siku nzima kwa sababu ya fyuzi moja!"

"Usinifokee mbele ya wateja, mdogo wangu."

"Wateja gani? Huyu ni mkeo! Hebu fungua mlango wa nyuma."

Kaka alifungua. Taa ikazimika, moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye bawaba.

"Funga! Sasa njoo uuguse waya wako."

Aliugusa kwa ncha ya kidole, akaurusha mkono, chai ikamwagikia viatuni.

"Na humo nyuma mna mtungi wa oksijeni," wifi alisema polepole. "Jana nilikaa nao safari nne."

Fundi alichomoa kile kipande, kisha akavuta ala ya mpira penye bawaba. Waya wa taa ulikuwa umechubuka. Kila mlango ulipofunguka, shaba iligusa bodi ya gari na kupiga shoti. Alikata sehemu iliyoungua, akaunga waya mpya, akaufunga tepu, akachomeka fyuzi ya ampea kumi. Kisha aliufungua na kuubamiza mlango mara ishirini. Taa haikuzimika.

Zilibaki dakika nne. Dereva, aliyekuwa akisubiri nje, akapanda na kuwasha injini.

"Mke wangu, haraka yangu yote ilikuwa kwa ajili yako, usichelewe kazini."

"Kwa ajili yangu? Basi leo panda nyuma, mume wangu. Utaketi kando ya mtungi mpaka turudi."

Kaka aliweka mguu mmoja ndani, akaitazama bawaba, akamgeukia dada yake.

"Umeufunga vizuri huo waya?"

"Jana hukuuliza," alijibu fundi, akamsukuma ndani, akambamizia mlango.