Somo la Kubembeleza

Bibi Chekechea, kama wanachuo walivyomwita, alikuwa amezeeka akifundisha walimu wa watoto wadogo, na hakuna alichokidharau pale chuoni kama somo la kuigiza. Mwanachuo mmoja anajifanya mwalimu, wenzake wanajifanya watoto. Watoto wenyewe wana ndevu, wamekaa kimya kama wageni waalikwa, na wakiulizwa rangi ya ndizi wanajibu kwa pamoja, eti darasa limefana.

Sasa alikuwa anastaafu, na mkuu wa chuo alitaka mpwa wake ndiye arithi nafasi hiyo. Binti huyo alikuwa na vyeti, kadi za rangi na tabasamu lisilozimika. Ilibaki tu Bibi Chekechea amwone akifundisha, kisha atoe kauli yake.

Siku ilipofika, binti akasimama ukumbini mbele ya watoto wale wale wa kuigiza. Bibi Chekechea alitazama upuuzi ule mpaka uvumilivu ukamwisha. Akavua viatu, akajibanza kwenye kiti kidogo cha mbele, akaanza kulia.

"Namtaka mama."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Binti hakumtupia hata jicho. "Na hii ni rangi gani, watoto wazuri?"

"Namtaka mama," Bibi Chekechea akapaza sauti, huku akiipiga meza mateke.

Hapo binti akaja, akachuchumaa, akamkumbatia. Bibi Chekechea nusura ajilaumu kwa kumdharau. Kisha vidole viwili vikapenya ndani ya mkono wa blauzi, vikaikamata nyama laini karibu na kwapa, vikafinya na kusokota. Uso wa binti, ulioelekea kwa watu, ulikuwa bado unatabasamu.

Bibi Chekechea akanyamaza papo hapo.

"Mmeona?" mkuu akasema. "Huyu ana mkono wa mama."

Wakampigia makofi. Bibi Chekechea alingoja yaishe. Mfinyo ule haukuwa wa mtu anayejaribu. Ulikuwa wa mzoefu, anayejua pa kushika ili mzazi asione, na watoto waliokwisha kufinywa hivyo huenda walikuwa hawajui hata kusema vizuri.

Akapandisha mkono wa blauzi, wote wakaiona alama nyekundu. "Jibu langu ni hapana, Mkuu. Nikimwachia darasa hili, kila mwaka atatutolea walimu wa kufinya."

Mkuu akamgeukia mpwa wake, akisubiri akanushe. Binti aliitazama ile alama, akapandisha mabega.

"Lakini si amenyamaza, mjomba?"