Mkono wa Alasiri

Mwanga wa alasiri uliingia dirishani ukiwa umelala, ukaliwasha vumbi la vitambaa lililokuwa likielea juu ya cherehani. Chini ya cherehani kulikuwa na mguu wa fundi, na juu ya mguu wa fundi kulikuwa na kidevu cha Ngumi.

Ngumi alikuwa buldogi, na jina lake alilipata usoni, uso uliokunjwa ukafungwa. Mbwa wa kutisha? Wapi! Mbwa wa kubembelezwa. Ukimnyima jicho, anakohoa. Ukimnyima mkono, anailalia pedali na uzito wake wote, mshono unakwenda upande. "Ngoja kidogo," fundi humwambia. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Wateja walilijua, mbwa alilijua. Ngoja kidogo, mwenzangu, uzi umekatika. Ngoja kidogo.

Mumewe naye alilijua, Mungu amrehemu.

Yeye ndiye aliyekuwa na mkono wa Ngumi. Kila alasiri, akitoka kazini, aliketi kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, akashusha mkono, akamkuna mbwa katika mikunjo ya shingo, mkunjo kwa mkunjo, polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Mbwa akafumba macho, akakoroma.

Alasiri moja akasema kutoka kitini, "Mke wangu, hebu njoo."

"Ngoja kidogo, namalizia pindo."

Lilikuwa pindo la gauni la watu, na watu walilitaka kesho yake. Alipokata uzi kwa meno na kugeuka, mume alikuwa ameshakwenda, mwili tu umeegemea kiti. Mkono wake ulikuwa bado juu ya shingo ya Ngumi, na Ngumi, maskini, alikuwa bado amefumba macho, akidhani anakunwa.

Hilo ndilo lililomkaa fundi kooni. Si kifo, kifo ni cha wote. Ni kwamba alimwita. Alimwita akitaka nini? Maji? Kushikwa tu? Hapakuwa na wa kumuuliza.

Mwezi ukapita, fundi akarudi kwenye cherehani, maana kazi haijui msiba. Na mwanga wa alasiri ulipoingia, Ngumi aliondoa kidevu mguuni pake, akavuka chumba, akaketi kando ya kiti kitupu, akanyoosha shingo. Akafumba macho.

Mikunjo ya shingo ikaanza kwenda.

Fundi akasimamisha pedali. Mkunjo mmoja ukafunguka, ukafunga. Ukafuata wa pili. Polepole, mkunjo kwa mkunjo, manyoya yakilala upande yanakolazwa. Hapakuwa na upepo, wala nzi. Lakini, jamani, tuseme kweli, hakuanza kwa woga. Alianza kwa wivu.

Kesho ikawa vile vile, na keshokutwa. Alimwita mbwa, akamtengea nyama, akapiga goti akamwonyesha viganja vyote viwili. Ngumi, yule yule aliyekuwa akililia jicho lake, hakugeuka. Akaanza kukonda. "Unanichukulia na huyu?" fundi akakiuliza kiti. "Mimi nibaki na nani?"

Wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke wa maneno makavu, alikuja akatazama, akasonya. "Wifi, mbwa ana viroboto huyu. Na wewe hiki kiti kitakuua kwa mawazo. Nipe." Akakipindua kichwani, akaenda nacho kwake. Fundi alimwacha. Alidhani mgeni akikosa pa kuketi ataaga.

Kumbe mgeni aliyekosa kiti huzunguka nyumba.

Alasiri iliyofuata Ngumi alinusa pale palipokuwa na kiti. Kisha akainua macho, juu, usawa wa uso wa mtu aliyesimama, na kibutu cha mkia kikatikisika. Akaanza kumfuata asiyeonekana: hadi mlangoni, hadi kitandani, hadi kabatini, vikombe vikalia kidogo. Wakarudi. Fundi alisikia kucha za mbwa sakafuni, na kando ya kucha hizo mbao zikilalamika kwa uzito ambao haukuwa wa mbwa.

Wakasimama nyuma yake.

Hakugeuka. Gauni lilikuwa chini ya sindano, pindo nusu, na mwenyewe alikuwa njiani kulichukua. Neno lake la miaka yote likamfika ulimini. Akalimeza. Akaondoa mguu kwenye pedali, akainamisha kichwa, shingo ikabaki wazi.

"Nimekuja," akasema. "Nimechelewa, najua, lakini nimekuja. Ulikuwa unataka nini?"

Baridi. Kisha vidole, vitano, alivihesabu vyote, vikapita shingoni mwake polepole. Vilikuna tu. Machozi yakaangukia gauni la watu, akaliacha liloe. Mlango ukagongwa. Mwenye gauni akaita, akaita tena, akaenda zake.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Ngumi. Alikohoa. Akajipenyeza katikati, akasukuma kichwa chake kizito chini ya kiwiko cha fundi, anataka mkono urudi kwake, na anautaka sasa hivi.

"Wewe nawe, subiri zamu yako," fundi akamwambia, macho ameyafumba.