Mayai ya Juma Lililopita

Asubuhi ya Jumamosi mke wa fundi makochi alikuwa jikoni akichagua mayai ya kutia kwenye siki. Aliyatumbukiza moja moja kwenye bakuli la maji. Yaliyoelea aliyatupa. Yaliyolala ubavu chini kabisa aliyaweka kando kwa kukaanga, maana yai la leo likichemshwa ganda lake hung'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga, ukilimenya unabaki na nusu ya yai. Aliyoyataka ni yale yaliyosimama wima chini ya maji, ya juma lililopita, tena madogo, ili siki ifike mpaka kwenye kiini.

Aliyachemsha, akayapoza, akaanza kumenya. Ganda la kwanza lilipoachia, yai likasema kwa sauti ya mama mkwe wake, "Huku nyuma jua halifiki, jamani."

Aliligeuza kuona kama limepasuka. Lilikuwa zima. Akalisuuza, akalitia kwenye chupa pamoja na vitunguu na pilipili manga.

"Ukuta umelowa tena," likasema la pili. La tatu lilicheka tu.

Hakuwa na haja ya kuuliza yametoka wapi. Kila asubuhi mama mkwe aliketi uani akiwamwagia kuku makombo na kupiga nao soga. Ndani ya nyumba alijulikana kuwa mtu asiye na makuu. Siku alipohamishwa kutoka chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ili mwanawe apate pa kuonyeshea makochi, alisema, "Sawa tu, mwanangu," akabeba mto wake mwenyewe mpaka stoo ya nyuma. Kumbe mengine yote aliwapa kuku, na kuku hawana pa kuweka kitu ila kwenye mayai.

Mke wa fundi alijaribu na mayai ya aina nyingine, kwa vile alipenda kujua anachokifanya. Yai lililotagwa siku hiyo hiyo lilibwata ovyo, maneno yakatoka vipande vipande pamoja na ganda. Lililokaa sana lilinung'unika kama redio isiyoshika stesheni. La juma moja lilitoa sentensi safi, kisha likanyamaza.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Vitambaa vya makochi alivishona yeye, na tangu yahamie dirishani wateja hawakukatika. Alifikiri ayamenye yote peke yake, yaishe. Halafu akayaacha matatu na maganda yake, akayapeleka mezani Jumapili wifi yake alipokuja kula.

Mumewe alichukua moja, akaligonga kwenye sahani, akalimenya.

"Mie nalitaka dirisha langu," likasema yai. "Nilikuwa naona watoto wakienda shule."

Wifi aliacha kutafuna. "Hiyo si sauti ya Mama?"

"Ni yangu," akasema mama mkwe, akijipakulia kachumbari. "Niliyasema hayo wiki ile ya mvua."

"Sasa Mama, si ungesema?" akauliza fundi.

"Nimesema."

"Umewaambia kuku!"

"Ndio waliokuwa na nafasi."

Wakacheka wote, mama mkwe kuliko wote, mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Fundi alimpenda mama yake, hilo halikuwa na ubishi. Alimshika bega akasema, "Tutaliangalia, Mama. Acha kwanza niuze makochi yaliyopo." Akalichovya yai kwenye chumvi, akalila lote. "Lakini ni tamu, aisee," akamwambia mkewe.

Wifi hakuwa mtu wa kukaa na neno. Juma halijaisha, majirani walishaanza kubisha hodi wakitaka yai la kusema. Waliketishwa kwenye makochi ya mbele wasubiri, na wengine, wakishaketi, waliona uvivu kuinuka wakaishia kununua kochi. Mama mkwe naye alichangamka. Aliwapigia kuku hadithi za ujanani, akamsema kinyozi wa pale jirani na miluzi yake ya kukosea, na kinyozi alipomenya yai lake akacheka mpaka akasahau mteja kwenye kiti.

Waliokuja kusikia waliondoka na chupa ya mayai ya siki pia, siki ikawa inanunuliwa kwa madumu. Friji la jikoni likajaa, na mayai ya siki hayataki joto. Fundi akanunua friji la pili, refu, akazunguka nalo nyumba nzima akitafuta pa kuliweka. Mbele palikuwa na makochi. Likaenda kwa mama yake.

"Halina neno," akasema mama mkwe. "Linavuma vizuri, kama mtu anayesinzia." Akawasaidia kusogeza kitanda.

Jumamosi iliyofuata aliketi jikoni na mkwe wake, akiyatumbukiza mayai kwenye maji, maana jicho lake lilikuwa zuri kuliko la wote.

"Hili limesimama," alisema. "Lichukue. Hili litupe. Hili, mwanangu, ngojea kidogo, bado lina haraka."

Mkwe alichemsha yaliyochaguliwa, akayapoza, akamenya la kwanza.

"Mlango siku hizi haufunguki wote," likasema. "Napita ubavu ubavu."

Mama mkwe alitikisa kichwa akitabasamu. "Hilo nalikumbuka."

"Hili ni zuri, Mama," akasema mkwe wake. Akalisuuza, akalitia kwenye chupa, akaongeza pilipili kidogo, kama wateja walivyopenda.