Zawadi Isiyovalika

Kwetu Kakamega, mtoto akipata mshahara wake wa kwanza humvika baba yake koti. Haijalishi kama mzee ana koti jingine, wala kama jua linakaanga vichwa. Koti huletwa mbele ya ndugu, mzee anavikwa, watu wanapapasa kitambaa kama wanunuzi wa ng'ombe, kisha wanakubaliana kwamba masomo hayakupotea bure. Chuo kikuu kizima kinapimwa kwa unene wa sufu.

Mimi nilimaliza chuo na kuanza kufundisha mwaka wa sabini. Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti nikaja nyumbani, na baba mdogo Lazarus, ndugu mdogo wa baba, akanisindikiza mjini ili nisikosee. Alikuwa karani wa soko. Redio yake ilining'inia begani kama kawaida, maana aliamini redio isiyoonekana haisikiki.

Tuliingia katika duka la Mhindi mmoja aliyekuwa anauza kila kitu ili ahamie Uingereza. Makoti yalikuwa mlangoni. Nikayapita. Kwenye rafu ya nyuma, kati ya mipira na wanasesere, palikuwa na masanduku mawili ya roketi za kuunda.

"Hivyo ni vitu vya watoto wa Wazungu," Lazarus akasema.

"Ni vya baba."

"Baba yako ana miaka sitini, Mwalimu. Kwani huko Nairobi mlikuwa mnasomanga nini?"

Alijua vizuri kwa nini nilisimama pale. Mwaka uliotangulia, baba, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa dereva wa greda la barabara, alisikia redioni kwamba watu wametembea mwezini. Redio yenyewe ilikuwa ya huyu Lazarus, naye alikuwa anasinzia kando yake. Baba aliisimulia habari ile nje ya kanisa, macho yakimng'aa, na Lazarus akawa wa kwanza kucheka. Tangu siku hiyo baba akaitwa Mzee wa Mwezini. Watu ambao hawajafika hata Kisumu walimweleza kisichowezekana.

Kejeli ikaingia hadi mezani. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, hata wageni wawe nani. Lazarus akaanza kuichukua katika sahani ya baba, mbele ya watu, akisema ya nini kumpa mtu anayekula mwezini. Mama alitazama ukuta. Nilitaka baba arudishiwe mahali pake katika nyumba yake mwenyewe, na sikuona koti ambalo lingeweza kazi hiyo.

Mwenye duka alishusha masanduku yote mawili. "Hii kubwa ni ya kuweka mezani tu, dada. Hairuki. Hii ndogo inaruka kweli. Ikifika juu, parachuti inafunguka, inairudisha chini."

Ile kubwa ilikuwa na rangi ya fedha na urefu wa mkono mzima. Ile ndogo ilikuwa bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi na vidude vya baruti vinavyowashwa kwa betri.

"Kama ni lazima ununue upuzi," Lazarus akasema, "nunua upuzi mkubwa, watu waone."

Nikachukua ndogo.

Baba alipopokea sanduku alipitisha kiganja juu ya kifuniko, taratibu. Huniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, Mideva.

"Mama, hii inaruka?"

"Inaruka, baba."

"Hata Lazarus akitazama?"

Akaiunda barazani siku baada ya siku, kwa gundi na wembe, bila kumwita mtu.

Jumapili ndugu wakaja kuona koti. Shangazi Sellah alichungulia chumbani, akarudi akachungulia tena, akauliza limewekwa wapi. Baba akatoka na roketi mkononi. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja aliuliza kama ina mifuko. Baba alipita katikati yao hadi shambani, palipokwisha kuvunwa mahindi, akaisimamisha kwenye waya wake wa kurukia.

"Lazarus, niazime betri za redio."

"Za nini?"

"Redio yako ndiyo iliyonipa habari. Sasa imalizie kazi."

Watu walikuwa wanamtazama Lazarus, na hakupenda kuonekana mchoyo. Akazitoa moja moja, kama anayeng'olewa meno.

Baba akaunganisha nyaya. Pakatoka mlio wa kitambaa kinachochanwa, kuku wakatawanyika, na roketi ikapanda juu ya mikaratusi, juu zaidi, hadi ikawa nukta. Kisha parachuti nyekundu ikafunguka, ikaelea polepole na kutua kwenye migomba. Hakuna aliyecheka. Shangazi Sellah alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Lazarus akakohoa. "Imerudi," akasema. "Haikufika."

Baadhi yao walianza kutabasamu, wamepata pa kushika. Baba alikuwa anakunja nyaya za betri.

"Hata wale walirudi, Lazarus. Ndiyo maana tukapata habari."

Shangazi Sellah ndiye aliyeanza, na safari hii kicheko kilielekea upande mwingine. Ndivyo walivyo ndugu zangu: hawabadili mawazo, wanabadili mtu wa kumcheka.

Tukaingia kula. Mama akaleta obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, akaweka sahani mbele ya baba, firigisi ikiwa juu. Mkono wa Lazarus ukainuka kwa mazoea, ukasita, ukaenda kuchukua chumvi.

Baba aliikata firigisi vipande viwili. Kimoja akala. Cha pili akaninyooshea mimi. Katika nyumba ile wanaume walichinja kuku, sisi wanawake tukawanyonyoa, tukawapika, na kwa mila hatukuwala.

"Onesmus," shangazi akamwambia baba kwa sauti ya chini, "huyo ni mwanamke."

"Mama yangu alikufa bila kuionja," baba akasema. "Kula, mama."

Mama aliacha kutazama ukuta, akanitazama mimi. Nikala. Ilikuwa ngumu, haikukolea chumvi, na nilishangaa kwamba ni kinyama hiki wanaume walichokuwa wanakilinda miaka yote.