Sauti ya Gleb Kinywani mwa Mreno

Ijumaa ambayo Gleb hakurudi kutoka zamu, mama yake, Lidia Prokhorovna, alikuwa jikoni akikata kabichi ya kutia chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. King'ora cha mgodi kililia, kikanyamaza. Aliendelea kukata, kwa kuwa king'ora kilikuwa kikilia mara nyingi na kabichi haingoji. Jioni mtu wa ofisi akapita nyumba kwa nyumba. Moto ulikuwa umezuka katika shimo la kwanza. Watu sita wamekufa palepale, hawakuteseka. Ili moto usile makaa ya mawe yote, mdomo wa shimo umezibwa kwa zege.

"Na mwanangu nitamzika lini?" Lidia akauliza.

"Mama, ameshazikwa," yule mtu akasema, akaenda kugonga mlango wa pili.

Siku ya tisa, kama ilivyo desturi, mgodi uliandaa matanga katika bwalo la chakula. Kulikuwa na ngano iliyochemshwa kwa asali, chapati laini, samaki na vodka. Mbele ya kila picha iliwekwa glasi iliyojaa, imefunikwa kwa kipande cha mkate mweusi. Walio hai hawakugonganisha glasi zao, maana glasi ya marehemu haigonganishwi. Meneja, Valery Kuzmich, alisimama akasema udongo uwe laini kwao kama manyoya, akanywa mpaka tone la mwisho. Wote wakanywa. Lidia naye akanywa. Ilikuwa Jumamosi.

Majira ya joto yaliyofuata alifika Duarte, Mreno aliyekuwa akivuka nchi kwa baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limevunjika, na jingine lilikuwa linakuja kwa treni ya mizigo, polepole. Akapanga chumba cha Gleb. Hakujua Kirusi hata cha kuombea chumvi, ila alikuwa na kitabu kidogo cha wasafiri, chenye maneno ya kununulia mkate na kuulizia njia. Baada ya chakula Lidia akakaa naye mezani amfundishe.

"Sema: habari za jioni."

Duarte alipozungumza na dada yake kwa simu, kwa Kireno, sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mwimba kwaya. Kirusi kilimtoka kwa sauti ya Gleb, nzito, iliyokwaruzwa na vumbi, yenye kuburuta neno la mwisho kama mtu anayevua buti.

Lidia akaweka birika chini.

"Tena."

"Habari za jioni."

"Vizuri. Usiegemee meza."

Duarte alikohoa masizi kwenye leso. Lidia akampashia maziwa moto yenye asali, kama alivyokuwa akimpashia Gleb akitoka zamu.

Kesho yake jirani, Zoya, aliingia na fungu la majani ya shibiti. Mumewe, Fyodor, alikuwa mmoja wa wale sita. Akamsikiliza mgeni akiomba kijiko.

"Gleb huyo," akasema, akaketi. "Mwone! Nimeingia, hata salamu hanipi. Kufa hakujamtia adabu."

"Leo yuko kwenye vijiko, Zoya. Salamu alijifunza jana."

"Basi mrudishie somo, Lida. Nikidharauliwa na walio hai yatosha."

Duarte akacheka kwa kuwa wao walicheka. Hakusikia tofauti yoyote katika koo lake. Alidhani ana kipaji cha matamshi.

Katika kitabu kile yalikuwamo maneno ambayo sauti iliyakataa. Duarte alipojaribu kusema anataka chumba chenye dirisha la baharini, mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Mengine yalitoka kabla Lidia hajayasoma. Nina kiu. Kuna baridi. Nimepotea njia. Hapa ni wapi? Mlango umefungwa. Nisaidieni. Tuko sita.

Zoya aliacha kuchambua majani.

"Aliyeandika kitabu hiki alikuwa chini kule?"

"Mtu aliye mbali na kwao," Lidia akasema, "maneno yake ni hayahaya."

Ndipo akafungua ukurasa wa siku za juma, akauliza kama mwalimu anavyouliza, polepole, akimtazama mdomoni.

"Siku ya kwanza ni ipi?"

Katika kitabu ilikuwa Jumatatu. Sauti ya Gleb ikaanza na Ijumaa. Ikasema Jumamosi, Jumapili, ikaendelea hadi Alhamisi, na badala ya kukoma ikarudi kwenye Ijumaa. Ikasema Jumamosi ya pili. Ikasema Jumapili. Ikasema Jumatatu kwa mnong'ono, ikaishia hapo. Duarte akatabasamu, akisubiri kusifiwa.

Zoya alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Jumamosi ya pili ndiyo waliyokula ngano na asali bwaloni.

"Tuliwanywea wako hai," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi niliomba niongezewe samaki, Lida."

Lidia alivaa koti lake la kwendea kanisani, akamshika Duarte mkono, wakaenda ofisini kwa meneja. Hakupiga kelele. Hasira yake ilikuwa imemkaa kifuani kama jiwe la kukandamizia kabichi, na kila hatua ilizidi kulishindilia.

Valery Kuzmich alimsikiliza mgeni hadi mwisho. Nina kiu, tuko sita, na zile siku zote. Kisha akavua miwani.

"Ni Gleb. Zamu ya pili," akasema. "Kijana mzuri, ila mbishi."

"Basi vunja zege. Nataka kumtoa nimzike."

"Lidia Prokhorovna, mpenzi wangu. Huyu bwana ana visa ya utalii. Haruhusiwi kusema mambo ya uzalishaji."

"Mlijua wako hai?"

"Walikuwa wakigonga bomba," meneja akasema, kwa upole, kama anayetaja hali ya hewa. "Lakini moto ulikuwa unaelekea kwenye makaa bora. Na baada ya siku ya tisa ningefanyaje? Mtu aliyekwisha kunywewa huwezi kumtoa hai. Watu wangesemaje? Na wewe mwenyewe ulikunywa. Nilikuona. Ulimaliza glasi."

"Nilikunywa kwa sababu ulisema amekufa."

"Na sasa amekufa. Tunakubaliana."

Duarte akaegemea meza ya meneja kwa viganja viwili.

"Fungua," ikasema sauti ya Gleb.

"Haiwezekani, mwanangu."

"Fungua, tafadhali."

"Na adabu amejifunza," meneja akamwambia Lidia, akawafungulia mlango wa kutokea.

Gurudumu lilifika. Asubuhi ya safari Duarte alifunga mizigo, na Lidia akamkalisha kwenye benchi la mlangoni. Zoya akakaa upande wa pili. Mtu hasafiri kabla hajaketi kimya kidogo na wanaobaki. Gleb siku ile ya Ijumaa alikuwa amechelewa, akatoka mbio na mkate mdomoni.

"Kuaga umemfundisha?" Zoya akanong'ona.

"Bado."

"Mfundishe basi, anaondoka."

"Hapana. Huyu bado hajaagwa."

Walikaa mpaka Zoya alipojipangusa uso kwa ncha ya kitambaa. Kisha Duarte akapanda baiskeli, akasema asante kwa sauti ile nzito, akateremka barabara ya makaa.

Sasa yuko njiani kuelekea mashariki. Katika kila kijiji anachopita husimama kwenye lango la kwanza na kusema ana kiu, na watu wasiomjua Gleb humletea maji. Shimo la kwanza bado limezibwa. Watu wa mgodi wametoboa shimo jingine kando yake, na makaa yanatoka.