Kola Ndefu za Binti

"Hivi huyo binti yako mnampaka nini usoni?" jirani aliwahi kumuuliza mama fundi, alipoleta gauni lipunguzwe kiuno.

"Maji tu, shoga. Nikugawie?" fundi akajibu, akaendelea kukanyaga cherehani. Moyoni swali lile lilimchoma.

Leo binti ana watoto wake, lakini kila fundi akikata kola, chumba cha kushonea cha miaka ile humrudia: harufu ya pasi ya moto, vipande vya kitambaa sakafuni, na binti huyo, bado mwanafunzi, akijitazama kwenye kioo cha wateja.

Binti alikuwa amepewa dawa za akili, baada ya mwezi mzima wa kutolala na kusema maneno yasiyo na mbele wala nyuma. Usingizi ulirudi, Mungu ashukuriwe, ila chunusi nazo zikaja, kidevuni kwanza, kisha shingoni, nyekundu, zenye usaha. Mama alibadilisha sabuni. Akaomba. Mwisho akafanya analolijua: akamshonea blauzi za kola ndefu, zikagota masikioni. Kitambaa kikasugua, jasho likakaa, shingo ikazidi kuwaka.

"Mama, umenivalisha kama twiga," binti alisema, wakacheka hadi kushika mbavu. Enzi zile, hata katika shida, walijua kucheka.

Jioni moja binti hakucheka. "Dawa nimeacha. Heri nichanganyikiwe nikiwa na sura yangu."

Mama hakugomba. Kulipokucha alimshika mkono hadi kliniki. Daktari akamtazama shingo kwa utulivu.

"Ni dawa hizo, si uchafu," akasema. "Lakini usiziache ghafla, mwanangu, ugonjwa utarudi. Tutapima damu, tuone kama kipimo cha dawa kinaweza kupungua. Ngozi nayo ina dawa yake ya kupaka. Na wewe mama, hizo kola zitoe."

Mama alizitoa zote siku ile ile. Asubuhi iliyofuata akaweka mezani kidonge na maji.

"Sikulazimishi," alisema. "Ngozi tutaihangaikia pamoja, sitachoka. Ila mwezi ule wa kutolala, mwanangu, wewe ulikuwa umenipotea huku nikikutazama."

"Na wakinicheka shuleni?"

"Wengine watacheka. Nisikudanganye."

Binti alikizungusha kidonge kiganjani muda mrefu. Kisha akakimeza, akamaliza maji, akachukua mkoba, akatoka shingo wazi.